Sura ya Nne: Namba Mbili Ubavuni mwa Kapasita

Pangaboi likianza kuzunguka kivivu mwezi wa Februari, watu wa Dar es Salaam hawaiti mkutano. Kila nyumba ina mtu wa kutamka kwamba "kapasita imekwisha", na kesho yake kijana anatumwa Kariakoo na ile ya zamani mfukoni, nyaya zake mbili zimekatwa kwa kisu cha jikoni. Dukani muuzaji haulizi jina la feni wala ukubwa wa chumba. Anakigeuza kile kiboksi cheusi, anasoma ubavuni, anainama chini ya kaunta. "Mbili na nusu hii. Nikupe moja, bosi, au uchukue mbili kabisa?"

Ubavuni pameandikwa namba mbili zenye uzito: 2.5 µF na 450 V. Ya kwanza ni maikrofaradi, ya pili ni volti. Mapangaboi mengi hutumia kapasita ya kati ya maikrofaradi 1.5 na 3.5, kwa hiyo muuzaji macho yake huenda kwenye namba ya kwanza tu; ya pili haibadiliki sana dukani kwake, ameshaizoea. Mimi nataka tuzitazame zote mbili. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayeweza kuzitenganisha namba hizi kichwani amekwisha kuvuka nusu ya mada ya umemetuli. Anayezichanganya anaweza kupata alama nzuri kwenye mtihani, lakini akishika bisibisi ataogopa kisichoua na kukumbatia kinachoua.

Tuanze na volti. Vitabu vya kidato cha tano vinafundisha kwamba potensheli ya mahali ni kazi inayofanyika kuileta chaji moja chanya mpaka hapo kutoka mbali kusiko na mwisho. Volti 1 ni jouli 1 ya kazi kwa kila kulombi 1 ya chaji. Ni sahihi, na wanafunzi huikariri maana hii vizuri, ila kukariri huko huficha jambo ambalo kila kunguru wa mjini analijua: volti haikai mahali pamoja. Ni tofauti kati ya mahali na mahali.

Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni India na waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 kabla ya kuteka pwani nzima, hupenda kutua kwenye nyaya za juu za kilovolti 11. Waya mmoja wa namna hiyo uko kwenye volti 6,350 hivi ukilinganisha na ardhi. Kunguru anatua, anajisafisha manyoya, anaangalia nani amedondosha nini chini. Miguu yake imeachana sentimita chache juu ya waya uleule wa alumini, na kati ya mguu na mguu hakuna tofauti ya maana. Mwili wake wote umepanda mpaka kwenye volti za waya, na kwa kuwa umeme wetu unageuka mara 50 kwa sekunde, kunguru naye anajazwa chaji na kunyang'anywa mara 50 kwa sekunde. Kinachopita miguuni mwake kwa ajili hiyo, ukikisia umbo lake kama tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 au 15, ni sehemu ishirini au thelathini tu za milioni ya ampea. Hana habari. Siku atakayokunjua bawa likagusa waya wa jirani au kichwa cha transfoma ndipo mtaa mzima unasikia mlipuko, na umeme unakatika.

Binadamu anaumizwa na kanuni ileile akiwa chini. Waya ukidondoka kwenye ardhi yenye maji, potensheli ya ardhi inakuwa kubwa sana pale ulipogusa, kisha inashuka kadiri unavyosogea mbali. Mtu anayekimbia kwa hatua ndefu anaweka mguu mmoja penye volti nyingi na mwingine penye volti chache, na tofauti hiyo inasukuma mkondo kupitia mapaja na nyonga. Ndiyo sababu mafundi wa laini hufundishwa kuondoka eneo hilo miguu ikiwa imebanana, wakiiburuza bila kuinyanyua. Ng'ombe, ambaye miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana zaidi ya mita moja, hufa mahali ambapo kuku anapita salama. Hili silioni likipewa nafasi ya kutosha darasani, na mji wetu una mvua za masika kila mwaka.

Sasa turudi kwenye namba ya kwanza, yaani ile ya maikrofaradi. Chukua ndoo ya lita 20 uimimine kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 5 lililosimamishwa wima na kuzibwa chini: maji yatapanda mita 10. Ndoo hiyohiyo ukiimimina kwenye simtanki la kawaida la juu ya paa, haitapanda hata sentimita 2. Maji ni yaleyale, kina ndicho tofauti. Chaji ni maji, volti ni kina, na upana wa chombo ndio kapasitansi. Kapasitansi inakwambia ni chaji kiasi gani inahitajika ili volti zipande kwa moja: kulombi 1 kwa volti 1 ni faradi 1. Mfano huu unafaa mpaka hapo, kisha unatutupa, maana simtanki likijaa linamwaga na kapasita haina ukingo wa kumwagia. Ukiendelea kuisukumia chaji, volti zinaendelea kupanda mpaka kihami kilicho katikati kishindwe kustahimili na kutoboka. Zile 450 V za ubavuni ni onyo la mtengenezaji kuhusu ukuta, na 2.5 µF ni habari ya upana.

Faradi 1 ni kitu kikubwa kupita akili. Ukitaka kuitengeneza kwa mabamba mawili ya bati yaliyotenganishwa na milimita 1 ya hewa, kila bamba litahitaji eneo la kilomita za mraba 113. Hilo ni bati la mraba ambalo upande wake mmoja unatoka Feri hadi Ubungo, na lingine kama hilo juu yake, na katikati hewa ya unene wa kadi ya benki. Dunia yenyewe, ukiichukua kama tufe moja lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371 na "bamba la pili" likiwa huko mbali kusiko na mwisho kwa vitabu, ina maikrofaradi 710 hivi. Ndani ya TV ya zamani kuna kapasita ya maikrofaradi 220 yenye unene wa vidole viwili. Panga nne sambamba kwenye meza ya fundi, umeizidi sayari. Kila ninapowaambia vijana hili huwa wanadhani nimekosea sifuri.

Siri imo kwenye kanuni fupi ambayo wameshaiandika mara nyingi madaftarini: kapasitansi huongezeka eneo la mabamba likiongezeka, na huongezeka mabamba yakisogeleana. Dunia ina eneo kubwa, lakini bamba lake la pili liko mbali mno. Watengenezaji wa kapasita wanafanya kinyume: wanasogeza mabamba mpaka karibu kugusana.

Pasua kapasita ya pangaboi iliyokufa, baada ya kuunganisha nyaya zake zote mbili kwa muda ili isibaki na kitu. Chini ya plastiki nyeusi na gundi ngumu utakuta kijirundo cha utepe mwembamba uliozungushwa kwa kubana sana, unaong'aa kama karatasi ya biskuti. Utepe ni polipropilini, plastiki ya familia ileile ya viti vingi vya plastiki, yenye unene wa maikromita chache, na mng'ao ni zinki au alumini iliyopuliziwa juu yake kwa utando mwembamba mno. Ukichukua unene wa maikromita 6, hesabu inataka kama robo tatu ya mita ya mraba ya utepe huo ili kufikia maikrofaradi 2.5. Eneo la kitambaa cha meza ndogo limeviringishwa likaingia kiganjani.

Hapo pia ndipo tunapoona kwa nini pangaboi linazeeka taratibu badala ya kufa ghafla. Utepe mwembamba hivyo haukosi sehemu dhaifu. Umeme ukipanda ghafla, sehemu hiyo inatoboka, cheche inapita, na joto la cheche linayeyusha utando wa metali kuzunguka tundu. Metali ikishatoweka hapo, hakuna tena njia ya kupita. Kapasita imejitibu yenyewe. Lakini kila tiba inakula kipande kidogo cha eneo. Eneo likipungua, kapasitansi inapungua. Fundi mwenye mita nzuri anaipima ile ya zamani na kusoma 1.9, au 1.4, mahali palipoandikwa 2.5, na feni nayo imepungua mwendo kwa sababu injini yake hutegemea kapasita kuichelewesha koili moja dhidi ya nyingine ili sumaku izunguke. Ikifika karibu na sifuri, pangaboi linaunguruma tu. Ukilisukuma kwa ufagio huweza kuanza kuzunguka, na upande wowote utakaolisukumia ndiko litakakoelekea, maana limekosa wa kuliamulia.

Muuzaji akikosa 2.5 hana haja ya kukurudisha nyumbani. Kapasita ya 1.5 na ya 1 zikiunganishwa sambamba zinatoa 2.5, kwa sababu umeongeza eneo. Mbili za 5 zikiunganishwa mfululizo nazo zinatoa 2.5, kwa sababu ni kama umeongeza unene wa kihami, na zinagawana volti. Swali hilihili ndilo linalowatoa jasho watahiniwa wa kidato cha sita, likiwa limechorwa kwa mistari sambamba minne na herufi A na B pembeni.

Kuna makosa mawili yanayofanywa sana juu ya ngazi. La kwanza ni kuweka kapasita yenye maikrofaradi nyingi zaidi "ili liende kasi". Litaenda kasi kidogo, pengine, ila koili ya pili inapitishwa umeme mwingi kuliko ilivyoundiwa, inachemka, na baada ya muda vanishi yake inanuka kabla ya kuungua. La pili ni kudharau namba ya volti. "Umeme wetu si 230? Basi hii ya 250 inatosha." Haitoshi. Zile 230 ni wastani wa aina fulani. Kilele cha wimbi lenyewe kinafika volti 325 kila nusu mzunguko, na ndani ya feni, kwa jinsi koili na kapasita zinavyojibizana, volti juu ya kapasita huweza kuzidi zile zinazotoka ukutani. Kuongeza volti ubavuni, kwa mfano kuweka ya 500 badala ya 450, hakuna madhara. Kapasita itakuwa nene kidogo tu. Namba moja lazima ilingane, nyingine lazima isipungue.

Nilisema kuhusu kuogopa kisichoua. Mtu anayevua sweta Njombe usiku wa Julai anasikia milio ya cheche, na mwili wake unaweza kuwa umefika volti 5,000. Dar es Salaam hewa ina unyevu mwingi, chaji inavuja kabla haijajikusanya, kwa hiyo wengi wetu hatuujui mchezo huo mpaka tusafiri. Volti 5,000 zinatisha kwenye karatasi. Lakini mwili wa mtu ni kapasita ya pikofaradi 100 hivi, na nishati iliyo ndani yake ni nusu ya kapasitansi mara volti kipeo cha pili: sehemu 1,250 za milioni ya jouli. Unashtuka, unacheka, unalala.

Mfano mzuri zaidi uko kwenye TV ya chogo. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia usiku wa kuamkia Januari 1, 2013, na wengi walidhani machogo yatakwenda na analojia. Wapi, yaliunganishwa na ving'amuzi yakaendelea miaka mingi, na mafundi wakaendelea kuyafungua. Ndani ya sanduku moja mna hatari mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kioo chenyewe. Ubavuni mwa kioo, chini ya kikombe cha mpira ambamo waya mnene unaingia, kuna volti 25,000. Kioo kimepakwa kipitishi ndani na nje, glasi iko katikati: ni kapasita, dada wa chupa ya Leiden aliyoitangaza Pieter van Musschenbroek mwaka 1746. Mwaka huohuo, huko Ufaransa, Jean-Antoine Nollet aliwapanga walinzi 180 wa mfalme wakashikana mikono na kuwarusha wote kwa pamoja kwa chupa kama hiyo, burudani ambayo leo ingemfikisha mahakamani. Kioo cha TV hushika chaji hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na fundi mzoefu hakigusi kabla hajafunga waya kwenye shingo ya bisibisi, akaupeleka kwenye chesisi, kisha akapenyeza ncha chini ya mpira, mkono wa pili ukiwa mfukoni. Unasikia "tap!".

Ya pili ni kapasita ya maikrofaradi 220 kwenye upande wa pawa, inayokaa kwenye volti 325. Haina sifa. Haitoi mlio ukiwa mbali, haisimamishi nywele. Lakini fanya hesabu. Kioo, chenye kama nanofaradi 2, kinabeba chaji ya sehemu 50 za milioni ya kulombi, na nishati ya jouli 0.6. Kapasita ya pawa inabeba chaji zaidi ya mara elfu moja ya hiyo, na jouli karibu 12. Volti zake ni ndogo mara sabini na zaidi, na bado ndiyo inayotoboa ncha ya bisibisi ukiishoti moja kwa moja. Mafundi makini hawaishoti. Wanaunganisha balbu ya zamani ya nyuzi kwenye miguu yake, balbu inamweka mara moja na kuzimika, na kazi inaanza. Hata hivyo kioo hakistahili dharau, kwa kuwa mkono ukishtuka ndani ya sanduku la glasi na chuma unarudi umechanika.

Kapasita hizi za pawa zina tabia nyingine inayozifanya zifanikiwe kuwa ndogo. Kihami chake ni utando wa oksidi ulioota juu ya alumini, na unene wake ni kama nanomita 1.4 kwa kila volti moja ya kustahimili. Kwa hiyo yenye 450 V ina kihami chembamba kuliko maikromita moja. Inalipia wembamba huo kwa mambo mawili: ina upande chanya na upande hasi, ukigeuza inapasuka, na ndani yake mna majimaji ambayo joto hukausha. Kanuni ya jumla ya wahandisi ni kwamba kila nyuzi joto 10 za ziada zinapunguza umri wake kwa nusu. Kifaa kilichojibana kwenye kibanda cha bati saa nane mchana kinazeesha kapasita zake haraka, na dalili ni kichwa kuvimba pale penye alama ya msalaba iliyochongwa makusudi ili ipasukie hapo.

Mwili wako nao ni bamba, hata ukiwa haujavaa sweta. Tazama testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ya neoni. Fundi amesimama juu ya stuli ya mbao, amevaa ndala za mpira, anagusa laivu kwa ncha na kidole kipo nyuma ya kishikio: taa inawaka. Wanafunzi husema umeme unapita mwilini kwenda ardhini, na wakiambiwa kuhusu stuli na ndala wanakwama. Mwili na ardhi ni mabamba mawili, mpira na mbao na hewa ni kihami, na umeme unaogeugeuka unaijaza na kuitoa kapasita hiyo bila kutoboa chochote. Kwa pikofaradi 150 na volti 230 zinapita kama maikroampea 11, zinazotosha kuiwasha neoni kwa mwanga hafifu. Akishuka akagusa ukuta mbichi, taa inaongeza mwanga.

Mtaa wa Aggrey, kwa wauza simu, kapasita zimekuwa ndogo zaidi na nyingi zaidi. Tachi ya simu ni wavu wa mistari ya kipitishi usioonekana, na kila panapokutana mstari na mstari pana kapasita ya kiasi cha pikofaradi moja. Kidole kikikaribia kinaiba sehemu ndogo ya uga wa umeme uliopo kati yao, chipu inagundua upungufu, inajua umebonyeza wapi. Ukibandika protekta nene, kidole kinakaa mbali zaidi, upungufu unakuwa mdogo, na simu inaanza kukutaka ubonyeze kwa nguvu. Tone la jasho linahesabiwa kama kidole.

Chaja ndiyo inayovuruga hesabu hii. Chaja ya pini mbili haina ethi, na ndani yake kuna kapasita ndogo, mara nyingi kidude cha buluu chenye umbo la sarafu, inayounganisha upande wa ukuta na upande wa simu ili kupunguza kelele za umeme. Kwa sababu ya kidude hicho, simu au kompyuta yenye mwili wa chuma ikiwa kwenye chaji hukaa kwenye volti zaidi ya mia ukilinganisha na ardhi, na ukiipitishia mgongo wa mkono inatekenya. Mkondo wenyewe ni sehemu ya kumi ya miliampea au zaidi kidogo. Kidude halisi huandikwa Y1 au Y2, na kimeundwa ili kikiharibika kikate njia. Chaja ya bei ya kutupa huweza kuwekewa kapasita ya kawaida yenye sura ileile. Hiyo ikitoboka inafungua njia, na volti 230 zinahamia kwenye kasha la simu. Chaja ikianza kurusha badala ya kutekenya, haina matengenezo.

Na kuna chaja ambazo hazirushi, zinapitisha kelele tu. Kelele hizo huvuruga vipimo vya chipu ya tachi, kwa hiyo simu inajibonyeza yenyewe, inafungua vitu, inapiga namba za watu usiku. Mwenye simu anakuja Aggrey akiamini kioo kimeharibika. Chomoa chaja kwanza, ubonyeze tena, kabla hujalipia tachi mpya.